Wataalamu Watatu na Buli Moja

Nyumbani kwa Mavjuda, katika bonde la Fergana, siku huanza na buli la chai. Dilnavoz, mke wa mwanawe, huamka kabla ya wote. Hufagia uwanja chini ya mizabibu, huchemsha maji, hutia chai. Kisha huwamiminia watu chai mpaka jioni. Ndiyo kazi ya mke aliyeolewa nyumbani. Tena hajazi bakuli. Humimina nusu tu, kwa heshima, ili mtu aombe tena naye amimine tena. Bakuli lililojaa ni kama kumwambia mgeni: kunywa, uende zako.

Lakini mwaka huo Dilnavoz alikuwa na mimba, na uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Akipanda ngazi, anashika ukuta. Akiinama kwenye tanuri la mkate, anaona giza. Alikuwa na upungufu wa damu. Mavjuda aliujua ugonjwa huo. Dada yake, Oyniso, alikufa siku ya kujifungua kwa sababu hiyo hiyo, na mtoto wake akalelewa na wengine. Mavjuda aliogopa sana.

Na wataalamu? Wataalamu hawakukosekana. Walimchosha.

Kwanza Daktari Farmon. Alipima damu, akatoa vidonge vya kuongeza damu.

"Kimoja kila siku," alisema.

Alipopima tena, damu ilikuwa imeshuka zaidi.

"Hamezi huyu," alisema daktari.

"Anameza, daktari. Namwona kwa macho yangu."

"Basi huoni vizuri, mama."

Kisha Bi Gulsara, mtaalamu wa lishe. "Mpeni maini, nyama, dengu," alisema. Mavjuda alinunua maini. Alipika dengu mpaka mume wake akalalamika. Damu haikupanda.

"Mnapika kweli?" aliuliza Bi Gulsara.

Mavjuda aliuma meno. Angemjibu, lakini Bi Gulsara alikuwa mgeni wake.

Kisha Shohida, binti wa chuo kikuu anayechunguza maisha ya watu majumbani. Huyo hakutoa dawa wala chakula. Aliuliza maswali tu. Nani anakula kwanza? Nani anamimina chai?

"Mwanangu," Mavjuda alimwambia, "mimi nina mgonjwa wa damu, wewe unaniuliza habari za buli?"

Kila mmoja alikuja siku yake, akanywa chai yake, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Mwishowe Daktari Farmon alisema, "Damu isipopanda, itabidi alazwe hospitali ya mkoa mpaka ajifungue. Na hata huko siahidi."

Siku hiyo Mavjuda alifika mwisho. Alimpigia simu kila mmoja. "Njoo Alhamisi. Napika pilau." Hakusema nani mwingine anakuja.

Alhamisi walikutana mlangoni wakatazamana. Walikaa kwenye magodoro kuzunguka kitambaa cha chakula. Walikuwapo pia Ilhom, mume wa Dilnavoz, na sinia kubwa la pilau. Haukupita muda wataalamu wakaanza kulaumiana.

"Vidonge vyangu ni vizuri," alisema daktari. "Tatizo ni chakula."

"Chakula nimewaeleza," alisema Bi Gulsara. "Tatizo ni vidonge vyako."

"Mngeuliza kwanza wanaishije," alisema Shohida.

"Maswali hayaongezi damu, dada," alisema daktari.

Mavjuda alimnyang'anya Dilnavoz buli. Alijaza bakuli la daktari mpaka pomoni. Akajaza la Bi Gulsara. Akajaza la Shohida. Chai ikamwagika kitambaani.

"Unatufukuza, mama?" aliuliza daktari.

"Bado. Ila bakuli hilo hapo. Mkishindwa kuzungumza kama watu, nyweni mwende. Kidole kimoja hakivunji chawa, nanyi kila siku mnaniletea kidole kimoja kimoja."

Hakuna aliyegusa bakuli.

Hapo Dilnavoz alitoa kidonge chake, akakiweka mdomoni, akakishushia na chai.

"Unameza na chai?" aliuliza Bi Gulsara.

"Nimeze na nini tena?"

"Chai huyashika madini ya chuma yaliyo kwenye kidonge. Hayaingii mwilini vizuri, yanapita tu."

Daktari Farmon alishika paji la uso. "Hilo nalijua. Sikuuliza anameza na nini. Nilidhani ni maji."

"Hapa hakuna anayekunywa maji baridi," alisema Shohida. "Wanaamini yanaleta maradhi. Niliona anavyomeza tangu siku ya kwanza. Sikujua kama chai ina neno."

"Haya, na maini?" aliuliza Mavjuda. "Maini nayo yana neno gani?"

Shohida alisita. "Shangazi, usinikasirikie. Dilnavoz hali maini. Kila akitaka kukaa, kuna bakuli tupu la mtu. Anasimama, anamimina. Akirudi, siniani kumebaki wali na karoti. Anakula mkate na chai, akiwa wima."

"Unasema namnyima mke wa mwanangu chakula?"

"Hapana, mama," alisema Dilnavoz polepole. "Huninyimi. Sifiki tu."

Mavjuda alitazama sinia. Nyama ilikuwa imekwisha.

"Basi tupange," alisema daktari. "Kuanzia leo ameze kwa maji."

"Maji baridi, mwanamke mwenye mimba? Labda si nyumba hii."

"Si lazima yawe baridi," alisema Shohida. "Yachemsheni, yakae kwenye buli, ayanywe yakiwa vuguvugu."

"Hayo sawa," alisema Mavjuda.

"Na nyanya au limau pembeni," aliongeza Bi Gulsara. "Vinasaidia chuma kiingie mwilini. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya kidonge na baada ya chakula."

"Na wakati wa chakula," alisema Shohida, "Dilnavoz akae. Amimine mwingine."

Wote walimgeukia Ilhom. Mdomo wake ulikuwa umejaa pilau.

"Mimi? Watu watanionaje?"

"Wataona una mikono miwili," alisema mama yake.

Watu walimwona kweli. Zebiniso, jirani wa upande wa pili, alicheka mpaka akakaa chini. "Mavjuda, umepata mkwe wa pili? Huyu ana masharubu." Ilhom aliona haya, lakini alimimina. Dilnavoz alikula nyama ikiwa bado moto. Damu ikaanza kupanda, kidogo kidogo. Midomo yake ikapata rangi.

Alijifungua mtoto wa kike. Alitokwa na damu nyingi sana siku hiyo. Mavjuda alikaa nje ya mlango akimwita dada yake marehemu kwa jina. Daktari Farmon alitoka jasho likimtiririka.

"Yuko hai," alisema. "Kwa damu ile ya zamani, mama, tungempoteza."

Mavjuda alilia pale pale, mbele ya watu, bila aibu.

Siku arobaini zilipotimia, alialika mtaa mzima. Wageni walikula pilau, na Dilnavoz akala nao, mtoto mapajani.

"Chai iko wapi?" alilalamika Zebiniso. "Umekuwa bahili?"

"Kula kwanza. Chai haikimbii."

Wataalamu watatu walifika pamoja, katika gari moja. Walikaa, wakala, wakasubiri. Saa ya chai ilipofika, Mavjuda alichukua buli mkononi mwa Ilhom na kuwaendea mwenyewe.

Akawamiminia nusu.