Begi la Mgeni

Mpiga Picha alitokea upande wa pili wa kichochoro bila begi.

Nyuki alisimama ghafla, kisigino kikateleza kwenye mawe ya barabara ya kale. Alikuwa amemfuata mtu huyu kwenye vichochoro vya mji mkongwe, vyembamba hata mwavuli hauwezi kufunguka, na muda wote begi jeusi la Nikon lilikuwa begani kwake.

Sasa halipo.

"Makao, hapa Nyuki," alinong'ona kwenye hereni iliyokuwa redio. "Mlengwa ametokea. Begi hana."

"Begi ndilo bomu. Mkamate."

Mpiga Picha aligeuka, akaiona bastola ya Beretta mkononi mwa Nyuki, akatimua mbio. Nyuki aliruka kijiukuta, akampiga ngwala, akamfunga pingu kabla hajamaliza kutukana.

"Liko wapi?"

Jamaa alicheka. "Nimemwachia mtu mwema. Wakuu wa serikali wakifika kuzindua lango la kale lililokarabatiwa, atakuwa ameshalichoka."

Simu ya Nyuki ikaita. Mumewe.

Mume huyo, mwalimu wa shule, hakujua lolote kuhusu kazi ya mkewe. Kwake yeye, mkewe alikuwa mtu wa bima, na hii ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka waliyoiahirisha mpaka ikachakaa. Safari hii Nyuki aliapa hataleta kazi. Amri ya Makao ilimkuta mezani, chai ikifuka moshi, akadanganya kwamba anakwenda kununua dawa ya kichwa.

"Bibie, hiyo dawa unaichimba?" mumewe aliuliza. "Mimi niko uwanjani, mbele ya lango la kale. Kuna bwana mmoja kanishikisha begi lake, eti anakwenda msalani mara moja. Zito hilo, usiseme! Nadhani katumbukia humo chooni."

Nyuki aliziba simu kwa kiganja, akamwekea Mpiga Picha mtutu shingoni.

"Linalipukaje?"

"Likiwekwa chini tu. Kitakoni lina swichi."

"Na linazimwaje?"

Jamaa alikodoa macho ukutani.

Nyuki alirudi kwenye simu. "Mume wangu, usiliweke chini."

"Nani aliweke chini? Mali ya mtu uitupe vumbini, akirudi umwambie nini?"

Ndivyo alivyo. Kwenye foleni ya benki hushikia watu watoto wao mpaka zamu yake inampita. Nyuki aliwahi kumgombeza kwa tabia hiyo. Leo alitamani ambusu.

"Ila hapa kuna benchi safi..."

"Hapana!"

Nyuki alishusha sauti.

"Usiliweke popote. Nakuja. Nakuomba."

"Sawa," mumewe alijibu kwa sauti ya chini, akakata simu.

Hereni, iliyokuwa imenasa mazungumzo yote, ilikoroma. "Nyuki, wateguzi wa mabomu wako mbali. Askari wanaondoa watu. Usikaribie."

"Aliyelishika begi ni mume wangu."

"Ndiyo maana nakwambia usikaribie."

Aliivua hereni, akaitia mfukoni.

Akamkokota Mpiga Picha kwa pingu. Aliogopa, na hakuwa na haja ya kujidanganya. Risasi alishazizoea, lakini kila hatua alitega sikio akisubiri mlipuko, na kila hatua alimwona akilini mumewe akibadilisha mkono.

Walipokaribia uwanja, Mpiga Picha alianza kuvuta miguu. Jasho lilimtoka hadi kwenye kidevu.

"Unanipeleka wapi?"

"Kwa begi lako."

Uwanja ulikuwa mtupu. Mwalimu alisimama peke yake kwenye kona ya ukuta mnene, uso ameugeuzia mawe, begi amelikumbatia kifuani. Shati lilikuwa limelowa.

"Mwenyewe huyu hapa," alisema Nyuki. "Mpe."

Mumewe aligeuka polepole. Hakuuliza kuhusu pingu wala bastola.

"Bwana, begi lako," alisema. "Umekawia mno."

Mpiga Picha alirudi nyuma, akakutana na mtutu mgongoni. Akalipokea. Nyuki alimvuta mumewe hadi nyuma ya ukuta, akachungulia, bastola mkononi.

"Haya, chagua!" alipaza sauti. "Liweke chini au useme linazimwaje!"

Mtu anayetega bomu kisha akakimbia ni mtu anayejipenda sana. Huyu hakuvumilia hata kidogo.

"Pini! Iko mfuko wa shati! Ichomeke chini ya mkanda wa begi, mama, nakufa!"

Nyuki alirudi, akaichomoa pini mfukoni mwa jamaa. Pini ilimponyoka, akaiokota. Akakosa tundu, akakosa tena. Kisha ikaingia. Swichi ikalia, taa nyekundu ikazimika.

Askari walikuja kumchukua jamaa. Mwalimu alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta.

"Ulijua?" Nyuki aliuliza.

"Nilijua uliposema 'nakuomba'. Tangu tuoane hujawahi kuniomba, wewe huniamuru tu. Nikajua kuna kifo hapa. Nikasogea mbali na watoto waliokuwa wakicheza uwanjani."

"Ungepiga kelele upate msaada."

"Nimwite nani aje kulishika?" Machozi yalimtoka. "Niliogopa, mke wangu. Niliogopa sana."

"Na mimi pia."

Nyuki alichutama mbele yake, akamsugua mikono iliyokufa ganzi mpaka vidole vikaanza kujikunja. Kisha akaitia Beretta kwenye mkoba, akavaa miwani ya jua, akamwinua.

"Kwa hiyo bima hakuna?" mumewe aliuliza wakiondoka.

"Hakuna."

Walitembea hadi mwisho wa uwanja.

"Haya," mwalimu alisema. "Ila kuanzia leo, mizigo yote unabeba wewe."