Ukuta wa Damu ya Mzee

Rangi ilikataa kukauka.

Mwanzoni Sabra hakushtuka. Lushoto ni nchi ya ukungu. Shuka hushinda kambani na kuanuliwa ikiwa bado mbichi. Lakini kuta tatu za sebule yake, zilizopakwa krimu na fundi yuleyule kwa siku ileile, zilikuwa zimekauka zamani. Ule wa nne tu, unaotazamana na mlango, ndio uliobaki umelowa. Ukiugusa, kidole kinarudi chekundu, na wekundu wenyewe una uvuguvugu.

"Ni baridi hii," mumewe Kassimu alisema. "Subiri jua litoke."

Yeye ndiye aliyeileta rangi ile. Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa njia, na maduka yaliyozoea kuuza chumvi na sabuni ya mche yakajaa vitu ambavyo watu hawakujua hata majina yake. Kina mama wa Lushoto, ambao tangu wazaliwe walijua chokaa nyeupe juu na mkanda wa lami chini, sasa walibishania rangi za sebule kama wanavyobishania kanga mpya. Mara pichi, mara kijani cha maji. Kisha ikaja kalenda kutoka Uarabuni yenye picha ya ukumbi mmoja: kuta tatu krimu, mmoja damu ya mzee. Sabra alipoiona picha ile hakutaka nyingine. Tena alitaka awe wa kwanza. Kassimu, aliyekuwa akiteremsha kabichi na matunda damu kwa lori, akaipata rangi hiyo Mombo, kwa muuzaji wa kando ya barabara, kwenye kopo lisilo na karatasi wala jina.

Majirani walikuja kuiona. Marta, mama Glory, anayekaa nyumba ya chini yao, alisimama mlangoni akashika kiuno. "Jirani, umetuua," alisema. "Hii sasa ndiyo sebule."

Sabra aliifurahia sifa ile, akasahau ule ubichi.

Halafu ikaja harufu. Ilianza kama udi, na Sabra hakuwa amefukiza udi. Chini ya udi palikuwa na harufu nyingine, nzito, kama ya buchani mchana wa jua kali. Alifungua madirisha, ukungu ukaingia, harufu isitoke. Na alipokuwa akifagia asubuhi moja, nyumba imetulia, alisikia mtu akivuta pumzi polepole, kama mgonjwa aliyelala chali. Akaacha kufagia. Pumzi ikaendelea. Ilitoka ukutani.

Siku hiyo ndipo alipomwona mwanawe wa pekee, Mwanamisi, msichana ambaye bado hajaanza shule, ameegemeza mgongo kwenye ule ukuta mbichi, akinong'ona.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na babu."

"Babu gani?"

"Huyu anayelala humu ndani. Anasema ana kiu."

Sabra alimvuta kwa nguvu, akamgeuza atazame gauni limechafuka kiasi gani. Gauni lilikuwa jeupe kama alivyolifua. Halikuwa na hata tone.

Toka hapo mtoto akaanza kupauka. Viganja vikawa vyeupe, ufizi ukawa mweupe, akipanda ngazi za uani anakaa chini kwanza. Hospitali daktari alimfunua kope akatikisa kichwa: damu imekwisha. Kassimu akatoa yake. Mwanamisi akachangamka, akacheka, akaomba ndizi. Wakamrudisha nyumbani, na kabla ya wiki kuisha amelegea kuliko mwanzo, huku ukuta ukikolea, wekundu wake ukiingia weusi. Daktari aliuliza kama mtoto anatokwa na damu mahali. Sabra alijibu kwamba hatokwi. Angesema nini?

Alimwita Rubeni, fundi aliyepaka, aje afunike yote kwa krimu. Rubeni alipaka mara ya kwanza, ukuta ukainywa krimu kama mchanga unavyokunywa maji. Alipopaka mara ya pili aliiachia brashi ghafla, akarudi nyuma mpaka nje ya mlango.

"Mama Mwanamisi, nisamehe. Siingii tena."

"Kuna nini, Rubeni?"

"Brashi inavutwa," alinong'ona. "Kuna anayeivuta kwa ndani."

Sabra akachukua panga la shambani akaanza kukwangua mwenyewe, akilia, akakwangua rangi ikaanguka, na chini ya rangi plasta ikawa nyekundu, akakwangua plasta ikaanguka, na chini ya plasta tofali likawa linachuruzika, naye akazidi kupiga akidhani atafika mahali pakavu, mpaka aliposikia yowe nyuma yake, akageuka, akamwona mwanawe amejikunja sakafuni akijishika bega, na alipolifunua gauni akakuta mikwaruzo begani, mirefu, iliyonyooka, kila mmoja upana wa ncha ya panga.

"Mama, usimkate," Mwanamisi alisema. "Ukimkata yeye, naumia mimi."

Wakahama. Walimpeleka mtoto Magamba kwa mama yake Kassimu, kwenye nyumba ya udongo ukingoni mwa msitu. Walipolala mara ya kwanza tu, kulipokucha, bibi akakuta doa jekundu limejitokeza ukutani karibu na mto wa mtoto, pana kama sahani, nalo lina uvuguvugu. Yule bibi hakupiga kelele. Alijifunga kanga, akatuma mtu Mgwashi akamwite Bi Hawa.

Bi Hawa alikuwa mganga mfupi, mpole, mwenye kikohozi. Alitaka kuuona ukuta wenyewe, kwa hiyo wote wakarudi Lushoto katika lori, ukungu umeshuka hadi barabarani, Mwanamisi amefungwa blanketi mapajani mwa mama yake, mwepesi kama kifurushi cha nguo. Sebuleni Bi Hawa alichoma ubani, akasoma, akaita kwa Kiswahili na kwa Kishambaa. Moshi haukupanda juu. Uliinama, ukaenda moja kwa moja ukutani, ukaingia.

Kisha Mwanamisi akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanaume mzima, ya taratibu, isiyo na hasira.

"Nimevishwa nguo yangu. Nimepewa nyumba. Mnanifukuza kwa kosa gani?"

"Mtoto huyu ni mdogo, bwana," Bi Hawa alisema. "Mwonee huruma."

"Na nguo yangu inataka kulowa."

Bi Hawa alimtoa Sabra nje, wakasimama chini ya mchongoma. Alisema kwa sauti ya chini sana.

"Mwanangu, kila jini na rangi yake. Sisi tukimtaka mmoja wao, tunamtandikia kitambaa chake. Wewe umemtandikia ukuta mzima, tena kwa mapenzi. Huyu hakuingia kwa hila. Ulimchagua."

"Nilichagua rangi, bibi! Rangi tu!"

"Kwake ni kitu kimoja."

"Basi atatokaje?"

Bi Hawa alikohoa, akatazama pembeni. "Kaka yangu yuko Bumbuli. Yeye ndiye mwenye dawa ya kumfunga. Nitamfuata na mumeo, turudi Ijumaa."

"Mtoto hataifikia Ijumaa. Umemwona. Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Jini huyu huhama pale mwenye nyumba mwingine anapomchagua kwa hiari yake. Lakini hilo sikuagizi, na usije ukasema nilikuagiza." Akaushika mkono wa Sabra akaubana. "Umenisikia?"

Lori likaondoka na wengine wote. Sabra akabaki na mtoto kochini. Alimsugua miguu iliyokuwa baridi, akamtilia maji ya sukari mdomoni kwa kijiko, maji yakatokea pembeni. Akamwomba Mungu. Akamwomba hata yule wa ukutani, akamwambia anywe yeye, mwili wake ni mkubwa, ana damu nyingi. Pumzi za ukutani ziliendelea, ndefu, za aliyeshiba. Za Mwanamisi zilikuwa fupi, na kila moja ilichelewa kuliko iliyotangulia.

"Hodi humu."

Alikuwa Marta, Glory mgongoni, mkononi kibakuli cha uji. "Nimeleta kidogo, labda atakunywa. Pole, jirani. Pole sana." Alikiweka chini, akamgusa mtoto paji la uso, machozi yakamlenga. Kisha macho yakamwacha mtoto, yakapanda ukutani. Pale palipokwanguliwa palikuwa pamejifunika tena, laini, pamekolea. "Nisamehe, si wakati wake," alisema. "Lakini ukuta huu unazidi kupendeza. Mume wangu amekubali tupake kwetu. Rangi haikubaki?"

Sabra alimtazama Mwanamisi. Kifua cha mwanawe kilishuka, kikakawia kupanda.

"Unaitaka kweli?" aliuliza hatimaye.

"Naitaka tangu siku ile."

"Unaichagua wewe mwenyewe? Hakuna aliyekulazimisha?"

Marta akacheka kidogo, kwa mshangao. "Nani anilazimishe? Nimeichagua mwenyewe."

Zile pumzi za ukutani zikakatika.

Sabra aliinuka, akaenda stoo. Kopo ambalo Rubeni alilikomba hadi chini lilikuwa limejaa pomoni. Alilibeba kwa mikono miwili, akampa jirani yake.

Kesho yake Mwanamisi aliamka akaomba ugali. Viganja vilikuwa na rangi. Sabra akaukimbilia ukuta, akaupangusa kwa kiganja: mkavu, umepauka, baridi kama kuta nyingine. Akapiga magoti akalia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasimama, akakumbuka, akatoka mbio bila viatu kuteremka kwa Marta.

Nikodemo, mume wa Marta, alikuwa juu ya stuli, anamalizia kona ya mwisho. Glory alikuwa ametambaa hadi chini ya ukuta mbichi, ameweka viganja vyote viwili juu yake, anacheka. Alipovitoa vilikuwa safi.

"Onga makeo, jirani!" Marta alimpokea kwa salamu ya asubuhi ya Kishambaa, uso umechanua. "Mtoto vipi?"

"Ameamka. Amekula."

"Mungu mkubwa! Nilimwombea jana yote." Akamshika mkono, akamwingiza ndani. "Haya, wewe ndiye mwenye jicho. Niambie kweli. Imependeza?"

Sabra alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, fupi, lingetosha. Kutoka mlimani juu, kupitia ukungu, ikaja sauti ya Mwanamisi ikimwita mama yake, sauti yenye nguvu, ya mtoto mwenye njaa na afya.

"Imependeza," Sabra alisema.