Jiwe Nyuma ya Jiko

Kila akitoka shule, Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa domo lake, alifua soksi, akala, kisha akachukua simu ya shangazi yake na kwenda kuandikisha visima. Shangazi alikuwa mchora ramani. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: unafika kisimani, unabonyeza, na simu inashika mahali uliposimama. Kila wilaya ilichangia visima vyake, na mkoa mzima ukatumia ramani moja.

Kilibaki kisima cha machimboni, mwendo wa saa nzima. Jua lilikuwa kali, na Chiriku hakuona sababu ya kujitesa. Alikaa juu ya jiwe nyuma ya jiko lao, akabonyeza, akaenda zake kuruka kamba.

Wiki mbili baadaye, mchana kweupe, alimkuta mwanamume asiyemjua amesimama kando ya lile jiwe, ndoo mkononi, akitazama chini. Kisha akaondoka. Kesho yake walikuja wawili. Siku ya tatu walikuwa saba, wamelizunguka jiwe kimya, kama wanaosikiliza kitu chini ya ardhi. Chiriku aliwachungulia dirishani.

Mwanamke mmoja akasogea dirishani. Mgongoni alibeba mtoto mchanga aliyelegea, midomo imekauka.

"Mwanangu, kisima kiko wapi? Kwetu maji yamekwisha. Tumetembea tangu alfajiri, na ramani inasema ni hapa."

Chiriku alitoka mbio na mtungi wa nyumbani. Maji yalikwisha kabla watu wote hawajapata. Hapo shangazi akaingia uani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hawa ni wageni wa nani?"

"Ni wangu," Chiriku alisema, machozi yakimtoka. "Sikwenda machimboni. Nilibonyeza nikiwa nimekaa pale kwenye jiwe."

Shangazi hakufoka, na hilo lilimtisha Chiriku zaidi. Alimpa simu tu, akasema, "Tangulia."

Waliongozana hadi machimboni. Chiriku alifuta kisima cha uongo, akabonyeza upya huku miguu yake imezama kwenye tope. Mtoto aliponyweshwa mara ya pili, alilia kwa nguvu, na mama yake akacheka kwa furaha.

"Ramani haijui kusema uongo, mwanangu," shangazi alisema. "Sisi ndio tunaoifundisha. Wewe ulikwepa mwendo wa saa moja. Yule mama ameulipa, na mgongoni alikuwa na mtoto."