Kikombe cha Fidel

Kila asubuhi, katika chumba chetu kule Kangemi, baba alinyoosha mkono dirishani kabla hajafumbua macho vizuri. Hapo palikuwa na kikombe cha plastiki cha ndugu yangu Fidel, na ndani yake sigara moja ambayo baba aliinunua kibandani jioni. Alitoka nayo hadi mlangoni. Salamu tulizipata baadaye, pamoja na kikohozi.

Fidel mwenyewe hakuwepo. Ana miaka sita, na ana pumu. Chumba ni kimoja na moshi ulikuwa hauna pengine pa kwenda, kwa hiyo daktari alipoonya, mama alimpeleka Webuye kwa Kukhu, nyanya yetu. Baba aliahidi kwamba akiacha sigara tu, mtoto atarudi. Hiyo ilikuwa Januari. Sasa ilikuwa Julai, nami jamani, nilikuwa na hamu na yule mtundu hadi nililala upande wangu wa godoro tu, nikimwekea wake.

Jumapili moja Kukhu alipiga simu. Fidel akamnyang'anya, akaninong'oneza, "Baba ameacha?"

Nilimtazama baba pale mlangoni, moshi ukimtoka puani. "Ameacha," nikasema.

Basi Fidel akamtangazia Kukhu, naye akamshukuru Mungu na kusema Jumamosi atamleta Fidel kwa basi. Simu ikakatika. Nilijiona mjinga kabisa.

Nikaamua kuufanya uongo wangu uwe kweli. Jumatatu niliamka kabla ya baba, nikaitoa sigara kikombeni na kuitupa chooni. Nilidhani mtu akikosa ile ya asubuhi, ameacha. Thubutu! Baba alipapasa kikombe, akapekua mito, mifuko na uvungu wa kitanda. Mikono ilimtetemeka. Alimkaripia mama bure, akatoka bila kunywa chai, na muda si muda akawa anavuta kibandani. Hapo niliogopa. Baba yangu ni fundi wa mawe, hujenga maghorofa Kileleshwa, na sikuwahi kumwona akishindwa na kitu kidogo namna ile.

Jioni nilimwambia yote. Nilingoja kuchapwa, lakini alikizungusha tu kile kikombe mikononi.

"Nimejaribu kuacha mara tatu, Nanjala," akasema. "Siku ya pili nashindwa, halafu naona aibu kuwaambia."

Akampigia Kukhu simu mwenyewe, akamweleza ukweli kwamba Fidel itabidi angoje. Nilimsikia Fidel akilia kule, nami nikalia huku.

Kesho yake tulienda zahanati. Sista Veronicah, muuguzi, alimuuliza baba huchukua muda gani baada ya kuamka kabla ya sigara ya kwanza. Nikajibu mimi kabla ya baba: "Huvuta kabla ya kutusalimia."

Sista hakucheka. Alituelewesha kwamba nikotini iliyo ndani ya sigara huuzoesha mwili mpaka ukaidai, ndiyo maana mikono hutetemeka. Si ukaidi, wala si kukosa kuwapenda watoto. Alipomuuliza baba kama yuko tayari, baba alisema yuko tayari ila anaogopa. Sista akasema hilo latosha kuanzia. Wakachagua siku ya kuacha, akampa dawa ya kubandika ngozini, na kumwambia arudi kila wiki.

Haikuwa rahisi. Wiki ya pili baba aliteleza, akavuta moja, lakini safari hii alikuja kutuambia. Akaanza upya, na hakuvuta tena. Shule zilipofungwa Novemba, Kukhu alimleta Fidel. Fidel aliingia akinusanusa chumba, akaenda dirishani kuchukua kikombe chake, na mama akamtilia chai.

Baba alituita karibu. "Nanjala alidanganya siku moja," akasema. "Mimi nilijidanganya miaka, nikisema kesho, kesho. Kitu kikikushinda, sema kimekushinda. Hapo ndipo utakaposaidiwa."

Asubuhi iliyofuata niliamka Fidel akiwa amelala upande wake wa godoro, mguu wake juu ya tumbo langu. Baba alinyoosha mkono dirishani kwa mazoea. Akaurudisha taratibu, akatugeukia.

"Mmeamkaje, wanangu?" akasema.