Mlango Uliogoma Kufunguka

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, mume na mke walifungua karakana yao pamoja. Mume alipiga randa. Mke alipiga msasa na vanishi. Watu waliwaita Baba Pacha na Mama Pacha, kwa sababu binti zao wawili, ambao sasa wameolewa, walizaliwa siku moja.

Baba Pacha alikuwa fundi hodari. Viungo vya viti vyake vilikaza bila msumari. Lakini alikuwa na haraka.

"Leo mti, kesho meza!" alipenda kusema. Wateja walicheka, wakafurahi.

Mbao alizinunua palepale zilipopasuliwa. Zilikuwa bado nzito, bado zinanuka utomvu. Randa ilipopita, maranda yalitoka yamelowa, yakanata vidoleni.

"Mbao hizi zinalia machozi," Mama Pacha aliwahi kumwambia.

"Zitanyamaza zikipata vanishi," alijibu mumewe.

Siku moja, saa nne asubuhi, mkunga mkuu wa zahanati aliingia karakanani. Alikuja kwa miguu, akiwa na sare yake ya kazi. Mkononi alishika kipande cha ubao uliovunjika. Baba Pacha alikitambua mara moja. Kilikuwa kipande cha mlango wa chumba cha kujifungulia. Aliutengeneza mwenyewe miezi minne iliyopita.

"Karibu, dada. Kaa," alisema Mama Pacha, akafuta kigoda.

"Asante. Sikuja kugombana." Mkunga alikaa. Akaweka kile kipande mapajani. "Jana mchana kulikuwa na mama anajifungua. Ndani alikuwa na muuguzi mmoja. Mtoto akatoka hapumui. Muuguzi akaniita. Nikakimbia na kifaa cha kumpa mtoto hewa. Nikashika kitasa, nikasukuma. Mlango haufunguki."

Baba Pacha aliweka randa chini.

"Umejikunja, kaka. Juu umebana kwenye fremu. Chini umeacha mwanya paka anapita. Nilisukuma, wapi! Nikamwita mlinzi. Akaupiga bega mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ndipo ukapasuka."

"Na mtoto?" aliuliza Mama Pacha. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mzima. Alilia, mama yake akalia, na mimi nikalia. Lakini pale nje ya mlango, kila nilipovuta pumzi nilijua kuna mtu hajavuta ya kwanza." Mkunga alisimama. "Nimekuja ili ujue. Ningekuwa mimi ni wewe, ningetaka kujua. Kwa sasa tumetundika pazia."

Alipoondoka, Baba Pacha alivua aproni akaitundika ukutani. Siku tatu hakugusa chombo. Chakula kilipoa mbele yake.

"Niliupima ule mlango," alimwambia mkewe. "Siku ya kuutia bawaba ulikaa sawasawa. Ulifunguka kwa kidole. Sasa mkono wangu umekosea wapi?"

"Huenda mkono haukukosea. Huenda ni mbao," alisema Mama Pacha. "Twende kwa Mama Mizani."

"Yule anayepima mbao kama sukari? Mafundi wote wanamcheka."

"Wacheke. Wewe unacheka leo?"

Mama Mizani alikuwa mwanamke mstaafu. Kwa miaka mingi alikuwa mnunuzi wa mbao wa kiwanda cha fanicha. Waliopatana naye bei walijua kwamba hasemi ndiyo mpaka atoe mizani yake ya jikoni. Ndiyo sababu ya jina lake.

"Shikamoo, mama," walisema wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mbona fundi ana uso wa mtu aliyefiwa?"

Walimweleza kisa chote. Mama Mizani alisikiliza bila kuwakatiza. Kisha aliinuka, akaleta vipande viwili vya mbao. Vilikuwa vya mti mmoja, na ukubwa sawa. Kimoja alikiweka mkono wa kulia wa Baba Pacha, kingine mkono wa kushoto.

"Unasikiaje?"

"Hiki cha kulia kizito. Karibu mara mbili ya mwenzake."

"Uzito uliozidi ni maji. Mti hunywa maji maisha yake yote. Ukiukata, maji hayaondoki siku hiyo. Yanatoka polepole. Na yakitoka, ubao unasinyaa. Upande mmoja unasinyaa zaidi ya mwingine, na hapo ndipo unapojikunja. Ulipotia bawaba, mlango ulikuwa sawa. Lakini ulikuwa bado haujamaliza kukauka. Umemalizia kukauka hukohuko zahanati."

Baba Pacha aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo kosa ni langu."

"Kosa ni la haraka. Haraka tunayo wote, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nayo, ndiyo nikanunua mizani." Alimshika bega. "Njooni nyuma."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na paa la mabati lisilo na kuta. Chini yake zilipangwa mbao. Zilikaa juu ya matofali, kimo cha goti kutoka ardhini. Kati ya ubao na ubao kulikuwa na vijiti vyembamba, na juu ya rundo yaliwekwa mawe mazito.

"Vijiti hivi vya nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Vya kupitisha upepo. Vyote viwe na unene mmoja, na vikae kimoja juu ya kingine, kwa mstari. Kijiti kikienda kombo, ubao nao unapinda kukifuata. Paa linazuia mvua na jua. Jua kali ni adui, linakausha nje na kuacha ndani maji. Ubao unapasuka. Ndani ya chumba kilichofungwa nako hakuna upepo, mbao zinaota ukungu."

"Na rangi hii kwenye ncha?"

"Ncha ndizo zinazotoa maji upesi zaidi. Usipozipaka rangi zinapasuka. Rangi yoyote iliyobaki kwenye kopo inatosha. Na yale mawe juu yanazuia mbao za juu zisijikunje."

"Zinakaa siku ngapi?" aliuliza Baba Pacha.

Mama Mizani alicheka. "Unaona? Umeuliza siku! Ni miezi. Ubao mwembamba wa mti mlaini unaweza kukauka kwa miezi michache. Mti mgumu, au ubao mnene, huenda ukapita mwaka. Usibahatishe. Chagua ubao mmoja wa katikati ya rundo. Upime kila wiki, uandike. Uzito utashuka, utashuka. Ukiona wiki tatu haushuki tena, ubao umekauka. Kisha uingize mbao ndani ya karakana wiki mbili, zizoee hewa ya ndani. Hapo ndipo ushike randa."

Njiani kurudi, Baba Pacha alisimama ghafla.

"Na zahanati? Wajifungue nyuma ya pazia miezi yote hiyo? Mbao kavu nazitoa wapi leo?"

Mama Pacha aliongeza mwendo. Walipofika nyumbani, aliingia chumbani. Akaondoa shuka na godoro.

"Kitanda hiki alikitengeneza marehemu baba yako," alisema. "Umri wake ni zaidi ya miaka thelathini. Kama hakijakauka, basi hakuna kilichokauka duniani."

"Mke wangu, hiki ndicho kitanda tulichozalia watoto wetu."

"Basi kinajua kazi. Na tazama mbao hizi mbili za ubavuni. Zina urefu wa mlango, na za kichwani zitajaza katikati."

Walikifungua pamoja. Baba Pacha alipopiga randa, maranda yalitoka makavu na mepesi. Alifanya kazi wiki nzima, bila haraka. Mlango ulipotiwa bawaba, mkunga mkuu aliufungua na kuufunga mara sita. Kisha akalikunja pazia na kulipeleka kufuliwa.

Baba Pacha na mkewe walijenga paa lao uani. Wakanunua mbao mbichi, wakazipaka rangi kwenye ncha, wakazipanga juu ya matofali. Mama Pacha ndiye aliyepima kila Jumamosi, akaandika kwa penseli kwenye mlango wa karakana. Riziki walipata kwa kurekebisha viti na makabati ya watu. Usiku walilala kwenye godoro chini.

Mwezi wa pili tangu wazipange, Baba Pacha aliamka akijishika kiuno.

"Mama Pacha, mbao zimekuwa nyepesi. Nitoe nne tu, nitengeneze kitanda."

"Wiki hii uzito umeshuka tena. Bado zina maji."

"Mgongo wangu je?"

"Mgongo utanyooka. Ubao ukishajikunja haunyooki."

Alicheka, akaenda zake kurekebisha kabati.

Mwezi wa tano uzito uligoma kushuka. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Waliingiza mbao ndani, wakasubiri wiki mbili nyingine. Kitanda kipya kilikuwa kazi yao ya kwanza. Mvua kubwa zikaja, zikapita, kikabaki imara bila hata kulia. Mafundi waliokuwa wakicheka walianza kupita uani mmojammoja, wakijifanya wamekuja kusalimia, huku macho yao yakihesabu vijiti.

Asubuhi moja alikuja mwanamke amebeba mtoto mnene mgongoni.

"Fundi, nimeelekezwa na mkunga. Tumekata mti wetu uani, tumepasua mbao wiki iliyopita. Nataka kitanda cha huyu mtoto."

Mama Pacha alimtazama mtoto. "Alizaliwa zahanati hapa?"

"Hapahapa. Siku ile mlango ulipogoma."

Chombo kilimtoka Baba Pacha mkononi. Angeweza kunyamaza. Mwanamke hakumjua. Lakini alisogea, akasimama mbele yake.

"Dada, mlango ule niliutengeneza mimi. Kwa mbao mbichi, kwa haraka yangu. Nisamehe."

Mwanamke alisogea karibu amwone vizuri. Mtoto alinyoosha mkono juu ya bega la mama yake, akavuta ndevu za fundi. Hakuna aliyemzuia.

"Siku ile nilimlaani aliyeutengeneza," alisema mwanamke. "Sasa nimemwona, laana nimeiondoa." Akavuta pumzi. "Haya, niambie. Kitanda kitakuwa tayari lini?"

Baba Pacha alisitasita. "Mbao zenu bado mbichi. Tukizipanga leo, huenda ikafika miezi minane."

"Miezi minane?" Mwanamke alimfungua mtoto mgongoni, akampakata. "Fundi, huyu mwenyewe nilimsubiri tisa. Zipange."