Shahidi wa Kona ya Bugarama

Asubuhi ile Atumani, jirani yetu wa Kanyosha, alikuwa amechoka kabla jua halijapanda. Ilikuwa mara ya tatu kushuka mjini, bahasha ile ile kwapani, kukaa kwenye benchi lile lile la ofisi ya asiransi, watu wa bima, kuambiwa maneno yale yale. Atumani si mtu wa kulalamika, lakini benchi lile lingemfanya hata sheikh atukane.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wiki tano nyuma alikuwa akishuka na gari lake la Probox kutoka Bugarama, kule milimani, kabichi nyuma, binti yake Khadidja kando. Kwenye kona moja yenye ukungu, gari likaparamia ukingo. Mguu wa Khadidja ukapondeka. Daktari alisema usipopasuliwa mwezi huu, utakatwa. Hospitali ilingoja asiransi, na asiransi ilingoja shahidi, maana Atumani aliwaambia polisi kwamba lori lililokuwa likipanda ndilo lililomsukuma, kisha likaenda zake.

"Baba Khadidja," alisema Dative, mama wa dirishani, "kweli hakuna hata mutu mumoja aliona?"

"Yuko," Atumani akajibu, uchovu umemshinda. "Mutu wa baiskeli. Anaitwa Térence."

"Basi umulete Ijumaa, aweke kidole hapa."

Jina lilimtoka lenyewe. Alikuwa amelisoma siku ya ajali, limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye madigadi ya baiskeli. Mwenye baiskeli alikuwa ameshika nyuma ya lile lori, kama wafanyavyo wauza ndizi wa kule wakitaka kuvutwa mlimani bila kukanyaga pedali. Atumani ndiye aliyekata kona upande usio wake. Lori alilikwepa. Aliyeshika nyuma hakumkwepa. Alimwona akitumbukia bondeni, kisha akasikia kengele ya baiskeli kule chini, mara tatu. Hakumwambia mtu. Hata Khadidja hakujua, kwa kuwa alikuwa amezimia.

Rafiki yake Tajudini, fundi wa magari, alicheka tu alipoombwa msaada. "Tulia, kaka. Mi nitakuwa Térence dakika tano. Nani atajua?"

Ijumaa wakaingia wote wawili. Dative akawapokea kwa tabasamu.

"Mulikuwa wapi? Shahidi wako amekuja mapema. Dosiye, faili yenu, imepita. Jumatatu mutoto anapasuliwa."

Tajudini akarudi nyuma hatua moja. Atumani akanong'ona, "Alikuwa namna gani?"

"Mupole. Lakini amechoka, maskini, anapumua kwa taabu. Na tope! Nimepangusa hapo kwenye benchi mara mbili."

Nje jua lilikuwa kali. Wiki mbili mvua haikuwa imenyesha mjini.

Atumani akasoma karatasi. Lori, ukungu, kusukumwa. Uongo wake wote ulikuwa pale, neno kwa neno. Chini kulikuwa na alama ya kidole gumba, wino wa zambarau. Juu ya alama, mstari mmoja: *Mi nimekusaidia. Na we usiniache kule chini.*

"Hiyo aliniomba niandike," Dative alisema. "Anasema unajua."

Khadidja akapasuliwa, mguu ukaokoka. Atumani alilia kwa furaha, akaapa kwamba kesho ataenda bondeni. Kesho ikazaa kesho nyingine. Aliogopa jela, wallahi aliogopa, na mwili wenyewe ulikuwa hoi. Nipumzike kwanza, alijiambia. Ahadi ni deni, naye aliilalia.

Siku ya nne, akimlisha binti yake, aliona alama kwenye plasta nyeupe, kisiginoni. Kidole gumba. Zambarau. Akaifuta kwa kitambaa.

Siku ya tano ilikuwa kwenye kifundo.

Siku ya sita ilikuwa chini ya goti.

"Nani anakushika hapa?"

"Apana mutu, Baba. Ila mchana nikisinzia nasikia kengele." Khadidja akavuta shuka hadi kidevuni. "Leo ililia hapa kitandani."

Atumani hakungoja siku ya saba. Alitoka hospitalini moja kwa moja hadi kituo cha polisi, akasema yote, hata yale ambayo hakuulizwa. Kama ni jela, basi iwe jela.

Leo yuko ndani, na Khadidja humpelekea chakula kwa miguu yake mwenyewe. Anasema babake siku hizi analala usingizi mzito. Lakini ukimuuliza Atumani habari za bondeni, atakueleza jambo moja tu.

Polisi walimkuta Térence ameegemea mkaratusi, baiskeli mapajani. Muda wote ule ulikuwa umemfanya yale unayomfanya kila maiti. Mkono wa kulia peke yake ulikuwa mzima. Ulikuwa juu ya kengele. Gumba lilikuwa la zambarau.

Polisi mmoja aliligusa, kisha akatazama kidole chake mwenyewe.

Wino ulikuwa bado mbichi.