Ulimi wa Kuazima

Maiti ya Chaman Kotecha ilikuwa imelala kifudifudi kati ya mashine ya fotokopi na meza ya chai. Damu ilikuwa imegandia kwenye kola ya sweta. Taa ya kijani ya mashine ilikuwa bado inawaka, ikingoja kazi.

Ilikuwa Ijumaa ya Novemba, mwaka 1996, saa kumi alasiri, kwenye barabara ya maduka ya Wembley. Lila, binti wa marehemu, ndiye aliyemkuta. Alikuwa amepita kumchukua waende hekaluni Neasden. Sasa alikuwa ameketi kwenye kreti nje ya duka, akiwaeleza polisi kwa Kiingereza kwamba baba yake hakuwa na adui.

Inspekta Balbir Matharu alikuwa ameshayasikia maneno hayo mara nyingi mno. Mtu asiye na adui hapasuliwi kisogo.

Balbir alikuwa Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mwenye miaka ishirini na miwili katika polisi ya London na magoti yaliyoichukia kila baridi ya mji huo. Alichuchumaa kwa shida, akatazama. Jeraha lilikuwa moja, nyuma ya kichwa. Chini ya meza kulikuwa na stepla kubwa ya chuma, ile ya kubania vitabu, imefutwa kwa kitambaa. Daktari alikadiria kwamba pigo lilitua baada ya saa sita mchana. Mtu alikuwa amekigeuza kibao cha mlangoni kuonyesha kwamba duka limefungwa, na wateja waliopita waliamini kibao.

Juu ya meza kulikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kimejaa, chai imepoa na kufanya utando. Cha pili kilikuwa kimenywewa chote. Kando yake zilikaa karatasi zilizoandikwa kwa mkono.

"Hizo ni nini?" Balbir aliuliza.

Sajenti Solomon alizipekua. Alizaliwa London kwa wazazi wa Kitui, akakisikia Kiswahili vizuri na kukijibu kwa Kiingereza. Alisema zilikuwa za kitabu. Kwa kufuata orodha, ukurasa mmoja haukuwamo, ule wa mtaa wa Edmonton.

Kitabu hicho Balbir alikijua. Kilikuwa kabatini kwake jikoni, kimelowa mafuta. Kiliitwa *Tule Wapi?* na Chaman alikitoa kila mwaka, akakipiga fotokopi mwenyewe. Kiliwaambia watu wa Afrika Mashariki wapi katika London mtu atapata biriani ya kweli, mishkaki isiyo mpira, na maharage ya nazi yaliyopikwa na mtu aliyewahi kuiona nazi. Chaman alizaliwa Unguja, akaondoka baada ya Mapinduzi akiwa kijana wa sanduku moja, na kalamu yake haikuwa na huruma. Kuhusu mkahawa mmoja wa Wembley aliandika kwamba chapati zake zinafaa kuezekea banda. Wapo walionuna miaka mitano.

Kwa hiyo Balbir alifanya ambalo polisi yeyote angefanya. Aliwatafuta walionuna, akaanzia Edmonton.

Edmonton kulikuwa na Himid, Mpemba mwenye mkahawa wa meza sita. Mwezi wa Agosti alikuwa amepika chakula cha khitma ya familia moja. Watu arobaini walitapika, na Bi Time, bibi wa miaka sabini na moja, akafa hospitali siku ya nne. Watu waliuhama mkahawa. Chaman aliufuta kitabuni. Mara mbili Himid alikwenda dukani Wembley, na jirani alimsikia akisema, "Umenizika na roho yangu imo."

Jumamosi asubuhi alikuwa amekaa mbele ya Balbir, mkanda wa kurekodi unazunguka. Alikataa wakili.

"Jana saa sita mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na kuta."

"Ulimchukia Chaman?"

"Nilimchukia Agosti. Sasa nimechoka tu."

"Chakula chako kiliua mtu."

"Chakula changu kilitoka jikoni saa mbili asubuhi, kizima. Kikaliwa saa tisa, ukumbini, siku ya joto lile. Mimi ndiye mpishi. Aliyekipitisha si mimi."

"Alikipitisha nani?"

"Sijui. Nilibaki kuosha masufuria. Lakini kwetu chakula cha shughuli hakigawiwi mpaka mtu mzima aonje aseme gaweni. Ulizeni nani alisema gaweni."

Balbir aliandika jambo hilo daftarini, na ukweli ni kwamba hakulijali. Alikuwa na mtu mwenye hasira, mwenye sababu, asiye na shahidi. Himid alirudishwa mahabusu.

Jumatatu maabara iliharibu kila kitu. Kikombe kilichojaa kilikuwa na alama za vidole za Chaman, na ndani yake chai ya maziwa na sukari. Kile kitupu, mbali na za Chaman, kilikuwa na alama za mtu asiyejulikana, wala hazikuwa za Himid. Masalio yake hayakuwa na sukari hata chembe. Yalikuwa na chumvi, kwa kadiri ya vijiko vitatu au vinne kwa kikombe kizima. Mkebe wa chumvi ulipatikana nyuma ya birika, na vidole vilivyoushika vilikuwa vya Chaman peke yake.

Solomon aliuliza kwa Kiingereza ni nani duniani awezaye kuinywa chai hiyo mpaka chini.

Balbir alizipanga hoja daftarini. Chumvi si sumu. Mwenye duka alimtilia mgeni wake chumvi kwa makusudi, mgeni akaimaliza bila kukunja uso, kisha akamuua. Himid akaachiliwa, akatoka bila kumshukuru mtu, na hakuwa na sababu ya kushukuru.

Mchana ule Balbir alikwenda kwa Lila. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake waliovaa nyeupe. Alimuuliza kama baba yake alikuwa mtu wa masihara. Hapana. Kama alipenda kuwajaribu watu. Hapana. Mwishowe, kwa kukosa la kusema, akauliza ni biriani ya wapi mzee aliipenda hasa.

Lila alimtazama kwa mshangao. Alimwambia kwamba baba yake hakula nyama maishani mwake. Hakula samaki, hakula yai. Tangu ajifunge na hekalu hakugusa hata kitunguu, wala kitunguu saumu.

Balbir aliona uso unamchoma. Alikulia Kisumu, nyumba ya kulia Wagujarati, nyumba ya kushoto Wagujarati. Alijua tangu utotoni nani hapelekewi sahani ya nyama. Na kwa siku tatu nzima alikuwa ameshika kitabu cha mbuzi, kuku na pweza kilichoandikwa na Mhindu wa hekalu, asijiulize ni nani aliyewala. Alijiona mjinga, na alistahili.

"Basi nani alikuwa anakula?"

"Uncle Talib," Lila alisema. "Kila Jumatano."

Talib Ameir alikaa dawati moja na Chaman shuleni Unguja. Walikutana tena London, wote wamekimbia, mmoja kwa ndege ya Bombay na mwingine kwa njia ndefu ya Mombasa na Dubai. Kwa miaka kumi na mitatu walipanda mabasi pamoja kila Jumatano. Chaman aliagiza wali mtupu na maji. Talib alikula, akafumba macho, akasema, Chaman akaandika. Jina la Talib halikuwamo kitabuni kwa sababu mwenyewe hakutaka, ila mitaani walimwita Ulimi, na hakuna aliyekuwa na shughuli akaacha kumwalika aonje.

Balbir aliomba simu palepale. Mtoto wa Bi Time alipokea. Aliulizwa nani alionja chakula cha khitma ile kabla ya kugawiwa.

"Mzee Talib. Awe nani mwingine?"

Jumanne asubuhi Talib aliwafungulia mlango wa fleti yake Edmonton kabla hawajagonga mara ya pili. Alikuwa mzee mwembamba, kanzu safi, koti juu yake. Jicho la kushoto lilikuwa na wingu la mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linaelekea huko. Ukutani kulikuwa na picha ya mke aliyefariki. Aliwakaribisha, akawapa pole wao, akasema Chaman alikuwa nduguye.

"Nimekuja kukuuliza mambo machache, Mzee Talib."

"Uliza mwanangu. Lakini kwanza chai. Hamwezi kutoka kwangu na koo kavu."

Alipapasa friji, akatoa maziwa, akamimina kwenye vikombe vitatu vya chai. Balbir alikisogeza kikombe mdomoni. Harufu ilimfikia kabla ya chai. Maziwa yalikuwa yamechacha, na vipande vyeupe vilikuwa vinaelea juu. Solomon alikirudisha chake mezani kimyakimya.

Talib alikunywa yake yote. Alipangusa midomo.

"Chai vipi?" Balbir aliuliza taratibu.

"Nzuri. Maziwa mazito, yana utamu wake."

Hapo Balbir alijua, na hakufurahi kujua. Alikiweka kikombe chini, akamsomea mzee haki zake.

Kituoni alama za vidole zilioana. Talib alikaa na wakili wa zamu kando yake, mkalimani upande wa pili kwa ajili ya wakili. Alianza kwa Kiingereza, kisha akakiacha.

"Ulimi wako umekufa tangu lini?"

"Miaka miwili. Ile homa baada ya kumzika Mardhiya. Ilipotoka ilitoka na pua na ulimi. Naweka pilipili mdomoni, nasikia moto tu, sisikii pilipili."

"Kwa nini hukumwambia Chaman?"

"Nimwambie, halafu?" Talib alikuwa ameikunja mikono mapajani. "Mke hayupo. Watoto wangu wanasema Kiingereza, miye nawaitikia yes, yes. Jumatano ndiyo siku moja katika wiki mtu alikuwa akinitazama usoni akaniuliza, Talib, waonaje?"

"Ulikuwa unasema nini wakati huonji kitu?"

"Nilikuwa nakumbuka. Kuku wa kupaka nilimsifu wa mama yangu. Pilau nilisifu ya harusi ya dada yangu, kabla ya Mapinduzi. Watu walipanda mabasi mawili kwenda kutafuta chakula cha mama yangu, wakafika hakipo. Wakaona aibu kusema, maana Ulimi kishasema."

"Na Agosti?"

Wakili alimwambia Talib hana lazima ya kujibu. Alijibu.

"Nilitia tonge, nikatafuna. Nikasema gaweni. Bi Time alikaa mbele yangu. Alisubiri niseme ndipo ale."

Mkalimani alichelewa kidogo kutafsiri. Balbir alisubiri, kisha akauliza kuhusu Ijumaa.

Maelezo yalitoka bila kusukumwa. Wiki ile mpishi mmoja wa Wembley alimnong'oneza Chaman kwamba rafiki yake alikuwa ameisifu zafarani katika biriani ambayo siku hiyo haikutiwa zafarani. Ijumaa Chaman alimwita Talib dukani, akampikia chai. Alisubiri mpaka akaimaliza. Akamuuliza chai vipi, Talib akasema tamu. Chaman akalia. Akamwambia alichomtilia.

"Akasema Himid anaoza kwa kosa lisilo lake. Akasema lazima aandike. Nikamwomba. Nikamwambia, Chaman, hawa watu ndio walionibakia. Ukiandika, ni nani atakayenisalimu msikitini? Mtoto wa Bi Time nitamtazama vipi? Akasema, Talib, sikiliza. Sikusikiliza. Akageukia mashine, ameshika karatasi."

"Ukampiga."

"Nikampiga. Mara moja."

"Halafu?"

"Nikafuta kile chuma. Nikachukua karatasi aliyokuwa ameishika, ile ya Edmonton. Nikageuza kibao, nikaenda msikitini. Ilikuwa Ijumaa."

"Ulijua amekufa?"

Talib aliangalia mahali Balbir alipokuwa, kidogo pembeni ya uso wake. "Nilimsikia anapumua."

Balbir alikuwa amewakamata watu wabaya kuliko huyu na akalala vizuri. Leo alitamani kutoka nje.

"Karatasi uliisoma?"

"Kwa macho haya? Niliichana vipande, nikaitupa stesheni."

Mlango uligongwa. Solomon aliingia na bahasha, akaeleza kwamba Himid alikuwa kaunta. Aliikuta bahasha hiyo mlangoni kwake asubuhi, imetumwa kwa stempu ya daraja la pili, ile ya bei nafuu inayochelewa, na mhuri wa posta ulikuwa wa Ijumaa. Mwandiko ulikuwa wa Chaman.

Balbir aliisoma kwanza kimya. Halafu akaisoma kwa sauti, kwa ajili ya mkanda na kwa ajili ya mzee.

"Ndugu Himid. Toleo jipya linakurudisha. Nakala ya ukurasa wako ni hii. Nimeandika kwamba chakula cha Agosti kiliharibikia ukumbini, si jikoni kwako, na kwamba kosa la kukuhukumu ni langu mimi Chaman. Kuna mtu alionja, naye ni mgonjwa. Leo nitakaa naye nimwambie nimeshajua, na kwamba kwa mtoto wa Bi Time tutakwenda pamoja. Jina lake silitaji popote. Nakuomba na wewe usilitaje."

Mkanda ulizunguka.

"Soma tena," Talib alisema.

Balbir alisoma tena.

"Jina langu halimo."

"Halimo."

"Kwa nini hakuniambia?"

Balbir alimwonea huruma, na kwa wakati huohuo alimkumbuka Bi Time na sahani yake, akingoja ruhusa. Hakuona njia ya kulainisha jibu.

"Alikuwa anakwambia, Mzee Talib. Ulimpiga akiwa katikati ya maneno. Halafu daktari wa maiti anasema aliishi karibu saa nzima. Angekwambia hata wakati huo, lau ungekaa."

Talib alifunika uso kwa viganja viwili. Wakili aliomba mapumziko, na Balbir akataja saa, akazima mashine. Mkanda ulipotolewa ulihitaji sahihi kwenye lebo. Talib alitia yake kwa kupapasa, mahali Solomon alipomshikia kidole.